Namna ya Kuuvuka Mwaka wa PLE: Mwongozo kwa Mzazi wa Mtoto wa Darasa la Saba

Kila mwezi wa Februari, shule zinapofunguliwa kwa muhula wa kwanza, wazazi wa darasa la saba hunisubiri langoni wakiwa na maswali ambayo nimeyasikia mwaka baada ya mwaka. Nimwamshe saa ngapi? Nimtafutie mwalimu wa jioni? Nimpeleke bweni sasa, au nimekwisha chelewa? Nikishawajibu na wengi wao wakaondoka, hubaki mmoja akijifanya anatafuta kitu mkobani, na huyo ndiye huuliza swali lenyewe: "Mwalimu, mtoto analala vizuri, ila mimi silali. Nifanyeje?"

Nimeona heri nimjibu kwa maandishi, kwa kuwa jibu lake halimaliziki pale langoni. Nimefundisha darasa la saba hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, kwa miaka mingi, na nimewavusha watoto wangu wawili katika PLE, yaani mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wa kwanza kwa makosa ambayo nitayataja humu, na wa pili kwa utulivu zaidi. Mwongozo huu unamlenga mzazi. Namna ya kumfundisha mtoto hesabu za seti utaipata kwa mwalimu wake. Hapa tunashughulika na moyo wako, nyumba yako na mfuko wako, tangu Februari hadi matokeo yatakapotoka karibu na mwisho wa Januari inayofuata.

Machache ya kuyajua kwanza

Mtihani wa PLE hutungwa na kusimamiwa na Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, yaani UNEB, nao hufanywa kwa siku mbili, kwa kawaida mwanzoni mwa Novemba. Masomo ni manne: Hisabati, Kiingereza, Sayansi, na Maarifa ya Jamii yanayochanganywa na Elimu ya Dini. Kila somo hupewa gredi kuanzia 1, iliyo bora, hadi 9, ambayo ni kushindwa. Gredi hizo nne zikijumlishwa ndipo hupatikana ile agrigeti ambayo watu huitaja sokoni na misikitini: ndogo kabisa ni 4 na kubwa kabisa ni 36. Daraja la kwanza linaanzia 4 na kuishia 12.

Naomba usome sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Mtoto aliyepata gredi 3 katika kila somo ana jumla ya 12 na yumo daraja la kwanza, lakini nimeshuhudia wazazi wakimnunia mtoto mwenye 9 kana kwamba ameanguka. Wanaogopa kwa sababu shule zinazopiganiwa na nchi nzima, kama vile King's College Budo, Gayaza, Namagunga, Kisubi, Namilyango na Ntare, zina vitanda vinavyohesabika, ilhali watahiniwa waliosajiliwa mwaka 2024 pekee walikaribia 800,000. Hata watoto wote wangekuwa hodari, walio wengi wangekosa nafasi huko.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Nunua daftari moja la kurasa 96 ambalo litakuwa lako, wala si la mtoto. Pata namba ya simu ya mwalimu wa darasa, na umwulize ni saa ngapi anaruhusu kupigiwa. Tafuta saa ya kengele ya mezani, ili simu isilale chumba kimoja na mtoto. Weka cheti cha kuzaliwa cha mtoto mahali unapopajua, kwa sababu utakihitaji wakati wa usajili. Hatimaye, mchague mtu mzima mmoja, awe dada, jirani, imamu, mchungaji au rafiki wa zamani, ambaye utamweleza wasiwasi wako bila yeye kuupeleka kwa mtoto wala kuutangaza mtaani. Wazazi wengi huandaa vyote hivyo wakakiacha hicho cha mwisho, kisha mtoto mwenyewe ndiye anayegeuka kuwa mtu wao wa kumweleza.

Hatua za kufuata

1. Iandike hofu yako.

Usiku mmoja wa juma la kwanza, wengine wakishalala, fungua lile daftari na ugawe ukurasa sehemu tatu: fedha, aibu, mtoto. Andika kila jambo linalokukosesha usingizi chini ya kichwa kinacholihusu. "Sitaweza kulipa karo ya bweni" ni la fedha. "Watoto wa shemeji yangu wote wako Namilyango" ni la aibu. "Mwanangu hasomi vizuri maswali ya Kiingereza" ni la mtoto. Andika yote, hata yale ambayo usingependa mtu ayaone.

Nilipolifanya zoezi hili mara ya kwanza, sehemu ya aibu ilijaa hadi nikaendelea nyuma ya ukurasa, na sehemu ya mtoto ilikuwa na mistari miwili tu. Nilikuwa nimemsumbua mwanangu tangu Februari hadi Agosti kwa ajili ya mambo ambayo, nilipoyasoma kwa macho yangu, hayakumhusu kabisa. Ya fedha yanatatuliwa kwa hesabu, ya aibu unayapeleka kwa yule mtu mzima uliyemchagua, na ya mtoto unayapeleka kwa mwalimu wake. Ukishayatenga hivyo, kila hofu inakuwa na mahali pake pa kwenda, nawe utaona kwamba chache sana zinapaswa kumfikia mtoto.

2. Kubalianeni watu wazima kabla ya kuzungumza na mtoto.

Keti na mwenzi wako, pamoja na bibi au shangazi anayeishi nanyi, mkubaliane ni nani atakayezungumza na mtoto kuhusu mtihani na ni siku gani za juma. Mimi hupendekeza mtu mmoja na siku moja, kwa mfano Jumamosi baada ya chai. Wengine wote wazungumze naye kuhusu mambo mengine ya dunia. Mjomba aliye Nairobi anayepiga simu kila Jumapili kuuliza "umepata ngapi juma hili?" anampenda mtoto, lakini naye aombwe kwa heshima aulize habari za mpira.

3. Hakikisha usajili kwa macho yako.

Usajili hufanyika katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Nenda shuleni ukaone jina la mtoto linavyoandikwa, herufi kwa herufi, na ulilinganishe na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa jina litakalosajiliwa ndilo litakalotokea kwenye hati ya matokeo, na kulisahihisha baadaye ni safari ndefu. Uliza pia mtoto amesajiliwa katika kituo gani. Zipo shule ambazo huwapeleka watoto zinaowaona dhaifu wakafanyie mtihani kwingine ili wasiiharibie shule sifa yake ya daraja la kwanza, na mzazi huligundua hilo siku za mwisho. Ukilijua mapema una muda wa kulizungumza na mwalimu mkuu.

4. Chagua shule za sekondari ukiwa umetulia, na hesabu ikiwa mezani.

Hapa ndipo hofu nyingi za Januari zinapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Fomu ya kuchagua shule hujazwa kabla ya mtihani, na wazazi wengi huijaza wakiwa wamesimama kwenye dawati la mwalimu, wakiandika majina makubwa waliyoyasikia redioni. Shule zinazopendwa sana kwa kawaida huwaangalia kwanza watoto walioziweka nafasi ya kwanza. Mzazi anayeiweka shule kubwa nafasi ya kwanza, kisha akaiweka nyingine kubwa vilevile nafasi ya pili, mara nyingi huikosa ya kwanza kwa alama na ya pili kwa mpangilio.

Chukua karatasi za matokeo ya mitihani ya majaribio ya muhula wa pili, hata kama hazikufurahishi, na uchague kwa kuzitazama hizo. Weka shule moja ambayo mtoto ataifikia akifanya vizuri kupita kawaida yake, mbili zinazolingana na alama anazozipata sasa, na moja iliyo karibu na nyumbani ambayo wewe mwenyewe, kwa moyo mweupe, utafurahi akienda. Ukiona huwezi kuifurahia hiyo ya mwisho, ibadilishe hadi uipate unayoweza kuifurahia. Itembelee. Ingia uone madarasa, uulize maktaba iko wapi, uzungumze na mama anayeuza mandazi langoni, maana huyo anawajua wanafunzi kuliko mlinzi.

Kisha piga hesabu. Karo ni mwanzo tu: kuna sare, godoro, sanduku la bati, mashuka, chandarua, ndoo, vitabu, nauli ya siku ya kutembelea watoto na fedha ya mfukoni. Andika bei za soko la kwenu kwenye daftari, ujumlishe, ugawanye kwa miezi iliyobaki hadi Februari, na uanze kuweka akiba. Nimeona wazazi wakirudiwa na usingizi siku ileile walipoipata jumla, ingawa ilikuwa kubwa, kwa sababu deni linalojulikana linaweza kupangiwa.

Jambo moja la kukutuliza hapa: tangu mwaka 2020 shule zote za sekondari hufundisha mtaala mpya uleule kuanzia kidato cha kwanza, na mwaka 2024 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya UCE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne. Mtoto wa shule ya kutwa iliyo karibu nawe atafanya UCE ileile itakayofanywa na mtoto wa Gayaza.

5. Linda usingizi na ratiba ya nyumba.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila usiku, na aliyetimiza 13 anahitaji saa 8 hadi 10. Akilala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, amepata saa 9. Akiamshwa saa kumi alfajiri ili awahi masomo ya asubuhi na kurudi saa moja usiku akiwa na mazoezi ya kufanya, piga mwenyewe hesabu ya anachokipata. Ubongo huyapanga usingizini yale yaliyosomwa mchana, na mtoto aliyekatwa usingizi hukaa darasani macho wazi bila kushika kitu. Mimi humwona kila siku kwenye safu ya nyuma.

Kama shule inataka watoto wafike kabla ya mapambazuko, nenda na wazazi wenzako wawili au watatu mkazungumze na mwalimu mkuu kwa adabu. Kuhusu masomo ya likizo, Wizara ya Elimu imeyakataza mara kwa mara, na hata isingeyakataza, mtoto aliyetoka kwenye muhula wa wiki 12 anahitaji siku za kuchota maji, kucheza na kulala mchana.

Kinachofaa nyumbani ni kidogo. Kila baada ya majuma mawili, Jumamosi asubuhi, mpe mtihani mmoja wa mwaka uliopita, umwekee saa kama ilivyo katika mtihani wenyewe, na baadaye aupeleke kwa mwalimu usahihishwe. Mtihani mmoja uliosahihishwa kosa kwa kosa unamfaa kuliko mitano iliyorundikwa.

6. Msaidie kwa lugha uliyo nayo.

Nyumba nyingi za huku mpakani, kuanzia Malaba hadi Busia, pamoja na kambi za jeshi na mitaa ya Wanubi kule Bombo, huzungumza Kiswahili au Kinubi, ilhali PLE huandikwa kwa Kiingereza. Wazazi wengi huniambia, "Mwalimu, mimi Kiingereza kilinipita, nitamsaidiaje?" Hofu yao huongezeka kwa kujiona hawana mkono katika jambo hili.

Mkono mnao. Jioni, mtoto akiosha vyombo, mwambie: "Nieleze figo zinafanya kazi gani." Mwache aeleze kwa Kiswahili. Akikwama katikati, akasema "zile... zinachuja... kile kitu," ujue kwamba hakuelewa, alikariri maneno ya Kiingereza tu. Mwambie aliandike hilo swali amwulize mwalimu kesho. Akieleza mpaka wewe ambaye hukusoma sayansi ukaelewa, amelishika somo, na kazi ya kulitia katika Kiingereza ni ya shuleni. Fanya vivyo hivyo kwa Maarifa ya Jamii: akueleze kwa nini watu wengi wa Misri huishi kando ya mto Nile, au jinsi Jumuiya ya Afrika Mashariki inavyowahusu madereva wa malori wanaopanga foleni pale Malaba. Dakika 10 zinatosha. Wazazi waliolijaribu hili huniambia kwamba hofu yao wenyewe ilipungua kuliko ya mtoto, kwa sababu walipata cha kufanya.

7. Badilisha swali la jioni.

Swali "umepata ngapi?" lipumzishwe. Uliza "leo mmesahihisha nini?" au "leo nani alikuchekesha?" Ukiletewa karatasi yenye alama ndogo, hesabu pumzi tano kabla ya kusema neno lolote, kisha uliza ni swali lipi lililomkwaza. Usiitaje kamwe alama ya mtoto wa jirani.

Nililipa gharama ya kutojua hili. Mwaka wa mtihani wa mwanangu wa kwanza, nilikuwa nikifua sare zake nikakuta kola ya shati imetafunwa, nyuzi zimetoka nje na bado ina unyevu. Nikampa shati jingine. Baada ya juma moja, kola ya hilo nayo ilikuwa imeliwa hadi ikapasuka. Nilimgombeza kwa ajili ya bei ya mashati. Lilipoharibika la tatu ndipo nilipoketi chini karibu na beseni, nikaitazama ile kola, na kukumbuka kwamba hutafuna anapofanya hesabu nami nikiwa nimesimama nyuma yake. Nilianza kuketi mbali, upande wa pili wa chumba, nikichambua mchele. Shati la nne lilimaliza mwaka.

8. Jitunze wewe.

Tembea kwa miguu nusu saa kila siku, hata kama ni kwa kushuka kwenye bodaboda kituo kimoja kabla. Sali kama wewe ni mtu wa sala, lakini usimsimamishe mtoto mbele ya umati kila ibada aombewe, maana anabeba macho yote hayo. Makundi ya WhatsApp ya wazazi yazimie sauti na uyasome mara moja kwa siku, saa iliyo mbali na ya kulala. Humo ndimo watu hupiga picha karatasi za watoto wao zenye alama 96 na kuzituma saa nne usiku.

9. Juma la mtihani.

Kabla ya mtihani kuanza, watahiniwa hupewa maelezo shuleni. Hakikisha mtoto ameiandika namba yake ya mtahiniwa, nawe uinakili katika daftari lako. Mwandalie kalamu mbili au tatu za wino wa bluu au mweusi, penseli, rula, kifutio na seti ya jometri aliyoizoea. Usimnunulie mpya siku hiyo, kwa kuwa bikari ngeni huteleza. Kwa kawaida siku ya kwanza ni Hisabati asubuhi na Maarifa ya Jamii alasiri, na siku ya pili ni Sayansi asubuhi na Kiingereza alasiri, lakini ifuate ratiba iliyobandikwa shuleni.

Ampe tumbo lake chakula kilekile cha siku zote. Mzazi aliyempikia mwanawe kuku saa kumi na moja alfajiri alinipa mtoto aliyetapika kabla ya Hisabati. Jioni ya siku ya kwanza msirejelee maswali. Lililopita limepita, na Sayansi inasubiri.

Tahadhari kubwa: katika majuma haya utatumiwa ujumbe na mtu anayedai kuwa na karatasi za mtihani. Usinunue, usipokee, usimtumie mwingine. Karatasi hizo mara nyingi ni za uongo, na zikiwa za kweli ni hatari zaidi, kwa kuwa Sheria ya UNEB ya mwaka 2021 imeweka adhabu kali za faini na kifungo, na matokeo ya mtoto yanaweza kuzuiliwa au kufutwa.

10. Miezi ya kungoja.

Novemba hadi Januari, mruhusu mtoto awe mtoto. Wewe, kwa upande wako, fungua daftari na uandike maneno utakayomwambia siku ya matokeo, kabla hujajua matokeo ni yapi. Yaandike mara moja, yawe mamoja kwa alama yoyote. Yasome kwa sauti ukiwa peke yako mpaka ulimi uyazoee.

11. Siku ya matokeo.

Matokeo yakishatangazwa, andika ujumbe wa simu: PLE, acha nafasi, kisha namba kamili ya mtahiniwa, utume kwenda 6600. Hakikisha una salio. Mtandao huzidiwa siku hiyo, kwa hiyo jibu linaweza kuchelewa. Kubalianeni mapema kama mtoto atakuwepo au ataambiwa baadaye, na yeye ndiye aamue.

Mwanangu wa kwanza nilimwambia akae mbali. Alisimama mlangoni mwa jikoni akiwa amebeba beseni la vyombo, maji yakimtiririka kwenye viwiko. Simu ilitoa mlio, nikasoma 11. Sikusema neno, lakini uso wangu ulianguka, kwa sababu nilikuwa nimejaza kichwa changu namba 6. Aliliweka beseni chini polepole na kusema, "Samahani, mama." Mtoto wa daraja la kwanza aliniomba radhi. Kwa mdogo wake nilikuwa nimeyaandika maneno: "Umefanya kazi mwaka mzima nami nimeiona. Njoo tule." Niliyasema kabla sijaufungua ujumbe.

Matatizo yanayotokea na namna ya kuyashughulikia

Mtoto anaumwa tumbo au kichwa kila Jumatatu. Mpeleke kwanza zahanati apimwe malaria na mengineyo. Usimwambie kwamba anajifanya. Vipimo vikiwa safi, zungumza na mwalimu wa darasa ili ajue ni somo gani au ni nani anayemtisha siku hiyo. Kama ni viboko, ujue kwamba marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yamevikataza shuleni, nawe una haki ya kulalamika.

Mtoto amenyamaza, hali, halali, au amesema maneno kama "heri nisingekuwepo". Hapo mtihani unawekwa kando. Keti naye, mwulize wazi anachokimaanisha, usimwache peke yake, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hospitali za rufaa za mikoa, kama ile ya Mbale kwa sisi wa mashariki, zina wahudumu wa afya ya akili. Ipo pia namba ya bure ya kuwasaidia watoto, Sauti 116. PLE inaweza kufanywa mwaka mwingine.

Mwenzi wako anamgombeza au kumpiga kwa ajili ya alama. Usibishane naye mbele ya mtoto. Mwonyeshe ule ukurasa wa sehemu tatu na umwombe ajaze wake. Asipokubali, mtafute mkubwa anayemheshimu.

Wewe mwenyewe umepitisha majuma mawili bila usingizi wa kutosha, moyo unakwenda mbio, au umeanza kunywa pombe ili ulale. Nenda kamwone mhudumu wa afya, umwambie hivyohivyo bila kupunguza.

Shule inataka mtoto arudie darasa la sita ilhali alifaulu kupanda. Omba maelezo kwa maandishi na uone karatasi zake. Ukiona sababu ni sifa ya shule, peleka suala hilo kwa ofisi ya elimu ya wilaya.

Mtoto amefaulu kuliko uwezo wa mfuko wako. Mweleze ukweli kabla hajaanza kuwaaga rafiki zake. Uliza shuleni kuhusu kulipa kwa awamu na ufadhili, lakini uwe na tarehe ya mwisho ya kuamua, ili asije akakosa pia ile nafasi ya karibu.

Mtoto hakuchaguliwa popote. Usikae nyumbani ukilia na simu. Zoezi la uchaguzi likishamalizika, shule nyingi hubaki na nafasi, kwa sababu waliochaguliwa wengine hawaripoti. Amka mapema, chukua hati ya matokeo pamoja na nakala zake mbili, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo nne na lile daftari lenye hesabu, uende kwanza kwenye ile shule ya karibu uliyoitembelea katika hatua ya nne. Kama alama hazitoshi kwa sekondari, uliza vyuo vya ufundi vinavyopokea waliomaliza darasa la saba, ambako atajifunza ujenzi, useremala, ushonaji au umakanika. Nenda na mtoto mwenyewe, amevaa vizuri na amekunywa chai, naye ndiye azungumze na mwalimu mkuu atakapoulizwa anapenda kusoma nini.